Kichwa cha treni kinachoitwa Nyaturu

Na Mwandishi Wetu, Mandewa

*Kilitengenezwa Glasgow mwaka 1955 na kupewa jina la watu wa Singida. Leo kipo Nairobi, na kipo kwa sababu kuna watu waliokataa kiuzwe kwa kilo. Huku kwetu, reli ya zamani inapoanza kuipisha treni ya mwendokasi, nani atakataa?*

MANDEWA, SINGIDA. Mizani imening'inizwa kwenye tawi la mti, na chini yake rundo linazidi kupanda: rimu za baiskeli, springi za gari, mabati ya paa yaliyokunjwa, sufuria zilizotoboka, jembe la kukokotwa na ng'ombe lililokatika mkono. Kijana anayepima haangalii kitu kilikuwa nini jana. Anaangalia mshale wa mizani. Chuma kina bei yake kwa kilo, aluminiamu bei yake, na shaba, kama umebahatika kuwa nayo, inalipa kuliko vyote.

Biashara ya vyuma chakavu inalisha familia nyingi mjini Singida, na si hapa tu. Mandewa, kata ya manispaa ambayo wageni wengi huijua kwa sababu ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, haina ubaya wowote wa kipekee katika hili. Chuma kinachoyeyushwa na kuwa nondo kimefanya kazi mara mbili, na anayekikusanya amepata mlo wake kihalali.

Ila mizani haijui kutofautisha. Mbele yake springi ya Isuzu na kipande cha historia ni uzito tu. Lazima awepo mtu wa kusema, kabla kitu hakijafika pale chini ya mti, kwamba hiki hakipimwi. Mtu huyo mara nyingi hana cheo, halipwi, na hujitolea muda na mikono yake kwa chombo ambacho ofisi zenye mihuri zimeshakifutia hesabu.

Nchi nyingi zina watu wa aina hiyo. Kazi yao mojawapo inawahusu Wanyaturu moja kwa moja, ingawa wengi wa Mandewa hawajawahi kuisikia.

Namba 3020

Jirani na stesheni kuu ya Nairobi kuna Makumbusho ya Reli, uwanja wenye vipande vya njia ambamo vichwa vya treni vya zamani vimesimamishwa. Kimoja ni kirefu, chenye rangi nyekundu iliyokoza, na namba yake ni 3020. Ubavuni kina bamba la jina: NYATURU.

Kilitengenezwa mwaka 1955 na kampuni ya North British Locomotive ya Glasgow, Uskoti, kwa ajili ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lile lililoundwa mwaka 1948 kwa kuunganisha reli za Kenya na Uganda na za Tanganyika. Kilikuwa kimoja kati ya vichwa 26 vya daraja la 30. Daraja la 29 lilikuwa na vichwa 31, na daraja la 31 lilikuwa na 46. Madaraja yote matatu yalibeba majina ya makabila ya Afrika Mashariki. Katika makumbusho hayohayo, kichwa namba 2921 kinaitwa Masai of Kenya na namba 3123 kinaitwa Bavuma, jina la watu wa visiwani katika Ziwa Victoria upande wa Uganda.

Kilicholitofautisha daraja la 30 na la 29 hasa ni maji. Kichwa cha mvuke kinakunywa. Huburuta nyuma yake chombo cha kubebea maji na mafuta, ambacho watu wa reli hukiita tenda, na daraja la 30 lilipewa tenda kubwa zaidi ili liende mbali bila kusimama kunywa. Mwenyeji wa nyanda kame za katikati ya nchi hahitaji mhandisi wa kumweleza kwa nini. Ukivuka Ugogo kwenda Manyoni na Itigi wakati wa kiangazi, utaona mwenyewe kwamba treni isiyo na akiba ya maji haifiki.

Kuna jambo moja la kuumiza katika hadithi ya jina hilo. Mwaka 1955, bamba la NYATURU lilipokuwa linafungwa kiwandani Glasgow, nchi ya Wanyaturu haikuwa na reli. Iliwahi kuwa nayo. Katika miaka ya 1930 Waingereza walijenga tawi kutoka Manyoni, likapita Singida hadi Kinyangiri, ambako leo ni Wilaya ya Mkalama. Halikudumu. Katika miaka ya 1940 lilifungwa na reli zake zikang'olewa. Tawi lililopo sasa kati ya Manyoni na Singida, la kilomita 115 hivi, lilijengwa baada ya uhuru.

Kwa hiyo kabila lilipewa heshima ya jina kwenye chombo ambacho kisingeweza kukanyaga ardhi yao. Wanyaturu, ambao wenyewe hujiita Arimi, waliipandia treni mbali na nyumbani, na wengi waliipandia wakiwa wanakwenda kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge.

> Mwaka 1955, bamba la NYATURU lilipokuwa linafungwa kiwandani Glasgow, nchi ya Wanyaturu haikuwa na reli.

Mali ya nchi tatu, uwanja mmoja

Makumbusho ya Nairobi yalifunguliwa mwaka 1971. Tarehe hiyo ina uzito kwa msomaji wa Tanzania. Wakati huo shirika la reli lilikuwa bado ni moja, la nchi tatu, na makao yake makuu yalikuwa Nairobi. Vilivyokusanywa pale vilikusanywa kwa niaba ya Afrika Mashariki nzima. Miaka sita baadaye, 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Vichwa vya treni, mabehewa, karakana na madeni vikagawanywa, na kila nchi ikaanza shirika lake. Huku kwetu likazaliwa Shirika la Reli Tanzania. Makumbusho yakabaki yalipokuwa.

Ndiyo maana ukitembea katika uwanja ule unakutana na Tanzania kila baada ya hatua chache. Pale zipo injini mbili za daraja la 59, aina ya Garratt, zilizotengenezwa na Beyer, Peacock ya Manchester katikati ya miaka ya 1950. Daraja hilo lilikuwa na vichwa 34, kila kimoja kikiwa na uzito wa takriban tani 252, na vilihesabiwa kuwa vizito kuliko vyote vilivyokuwa vikitembea duniani kwenye reli ya upana wa mita moja. Vilipewa majina ya milima. Namba 5918 ni Mount Gelai, mlima ulio karibu na Ziwa Natron. Namba 5930 ni Mount Shengena, mlima wa Upare. Yote miwili ni milima ya Tanzania.

Wageni wengi hukimbilia kwanza behewa la abiria ambamo ofisa wa polisi, Charles Ryall, aliuawa na simba katika stesheni ya Kima mwezi Juni 1900. Hadithi hiyo imeandikwa mara nyingi na inatosha. Mimi ningemwomba Mtanzania anayefika Nairobi alipite behewa hilo, asimame mbele ya 3020 na asome bamba kwa sauti.

Kufufua si kupaka rangi

Vichwa vingi vya zamani duniani vilivyonusurika mizani vimebaki sanamu: vimepakwa rangi, vimewekewa uzio, watoto wanapanda na kupigwa picha. Nyaturu na Gelai vilikwenda mbele ya hapo. Katika karne hii viliwahi kufufuliwa, vikawashwa na kuvuta tena mabehewa ya wasafiri, kazi ya mafundi wa reli wakisaidiwa na wapenzi wa treni za mvuke, baadhi yao kutoka ng'ambo.

Inafaa kueleza kazi hiyo ni nini, maana asiyeijua hudhani ni kuosha na kutia grisi.

Moyo wa kichwa cha mvuke ni boila, pipa kubwa la chuma lililolazwa. Nyuma yake kuna tanuri. Wengi wetu tunafikiri ni tanuri la makaa, lakini vichwa hivi vya Afrika Mashariki vilichoma mafuta mazito, yaliyonyunyizwa ndani na kuwaka kwa kishindo. Moshi wa moto hupita katika mirija mingi inayokatiza boila kutoka nyuma hadi mbele, na mirija hiyo imezungukwa na maji. Maji yanachemka, mvuke unabanwa, unasukuma pistoni, na magurudumu yanazunguka.

Mirija ndiyo inayokufa kwanza. Maji ya visima vyetu yana chumvi na chokaa, na miaka mingi ya kuchemshwa huacha ukoko unaokula chuma. Fundi huchomoa mirija mmoja mmoja. Huingiza mipya, kisha hutanua ncha zake kwa kifaa maalumu mpaka zibane kwenye bamba bila kuvuja. Akikosea mmoja, atausikia ukilia siku ya kuwasha.

Kabla ya moto kuna jaribio. Boila hujazwa maji baridi hadi juu na kushindiliwa kwa shinikizo kubwa kuliko lile litakalofanyia kazi. Maji yanatumika kwa sababu ya usalama: boila dhaifu likiachia likiwa na maji baridi, maji yatamwagika na kazi itarudiwa. Likiachia likiwa na mvuke, watu watakufa.

Moto nao hauwashwi kwa pupa. Chuma kinene kinachopata joto upande mmoja kabla ya mwingine hupinda na kupasuka, kwa hiyo kichwa cha safari ya asubuhi huanza kupashwa tangu usiku. Na muda wote kuna jicho linalokaa kwenye kioo kidogo cha kuonyesha kimo cha maji. Maji yakishuka chini ya dari la tanuri, chuma kinalainika na boila linaweza kulipuka. Dereva na msaidizi wake wanapokezana kukitazama kioo kile kama mama anavyomtazama mtoto aliye karibu na jiko.

Haya yote hayamo katika kitabu kimoja. Yamo mikononi mwa watu. Tanzania bado ilikuwa ikiendesha treni za mvuke katika miaka ya 1980, na kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1980 leo ameshavuka 60. Dereva aliyekuwa tayari mtu mzima wakati huo ana zaidi ya 80, kama yupo. Chuma kinaweza kusubiri chini ya mwembe miaka 30 na bado kikafufuliwa. Ujuzi hausubiri hivyo.

> Chuma kinaweza kusubiri chini ya mwembe miaka 30 na bado kikafufuliwa. Ujuzi hausubiri hivyo.

Waliookota mabasi ya waya

Wanaotaka kujua watu wa kujitolea wanaweza kufika wapi waangalie Uingereza, na si kwenye treni, bali kwenye chombo ambacho barabara zetu hazikuwahi kukiona: trolibasi. Ni basi la matairi ya mpira linaloendeshwa kwa umeme kutoka kwenye nyaya zilizotandazwa juu ya barabara. Juu ya paa lina fito mbili ndefu zinazogusa nyaya mbili. Treni yetu ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma inatosheka na waya mmoja juu, kwa kuwa umeme hurudi kupitia reli. Tairi la mpira halirudishi umeme, kwa hiyo basi linahitaji waya wa kuleta na waya wa kurudisha.

Leeds na Bradford zilizindua mabasi hayo siku moja, tarehe 20 Juni 1911. London ilikuja kuwa na zaidi ya 1,800. Baadaye dizeli ikawa rahisi, halmashauri zikachoka kutunza nyaya, na mji baada ya mji ukaachana nayo. London ilimaliza tarehe 8 Mei 1962. Bradford, iliyokuwa mojawapo ya miji miwili ya kwanza, ikawa ya mwisho, tarehe 26 Machi 1972.

Mabasi yalikuwa yanakwenda kukatwakatwa. Wapenzi wake, watu wenye kazi zao za kawaida, wakaanza kuyanunua kwa bei ya chuma chakavu na kuyaburuta hadi popote palipokuwa na nafasi. Mwaka 1969 kikundi kimoja kilipata sehemu ya uwanja wa zamani wa ndege za kivita huko Sandtoft, Lincolnshire. Hapakuwa na kitu. Walijenga mabanda wenyewe. Wakasimamisha nguzo na kutandaza nyaya wenyewe, maana trolibasi lililokarabatiwa bila nyaya ni chumba chenye viti. Leo Sandtoft ina mojawapo ya mikusanyiko mikubwa ya trolibasi duniani.

Ugumu wa kazi yao unamfanya mtu aheshimu. Trolibasi la zamani lina umeme wa zaidi ya volti 500 unaopita ndani ya bodi yenye mbao na vyuma. Unyevu ukiingia, umeme huanza kuvuja kwenye bodi. Aliyekaa ndani hatahisi kitu, maana matairi ya mpira yanamtenga na ardhi. Atakayeumia ni anayeshuka: mguu mmoja chini, mkono bado umeshika nguzo ya mlangoni. Ndiyo maana kupima uvujaji wa umeme kwenye bodi ni kazi isiyorukwa. Anayeifanya pale Sandtoft anaweza kuwa fundi mstaafu wa simu au mwalimu aliyekuja mwishoni mwa wiki.

Afrika nayo haikukosa. Johannesburg iliendesha trolibasi kuanzia 1936 hadi 1986, na Makumbusho ya Usafiri ya James Hall katika jiji hilo, yaliyoanzishwa mwaka 1964, yalitokana na mkusanyiko wa mtu binafsi aliyekubaliana na halmashauri ya jiji. Utaratibu huo ndio unaonivutia zaidi: raia analeta vitu na mapenzi, mamlaka inaleta paa na ulinzi.

Hoja za wanaopinga

Wapo wanaosikia habari hizi na kuuliza swali la haki kabisa: zahanati haina dawa za kutosha, barabara ya mtaa inageuka mto wakati wa masika, halafu tuzungumzie boila? Katika mji ambao mkulima wa alizeti anahangaikia bei na mama anapanda bajaji usiku kumwahisha mgonjwa Mandewa, swali hilo haliwezi kujibiwa kwa dharau.

Jibu langu ni kwamba kazi ya kujitolea haichoti kwenye bajeti ya zahanati. Sandtoft haikuanza kwa bajeti ya serikali. Kinachoombwa serikalini mwanzoni ni kidogo sana: kutouza, na kuruhusu watu waingie.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Reli hizi zilijengwa na wakoloni kwa faida yao. Wajerumani walianza Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Kigoma mwaka 1914, na walichokitafuta ni mazao na utawala. Jina la Nyaturu kwenye 3020 lilichaguliwa na maofisa ambao hawakumuuliza mzee hata mmoja wa Unyaturu. Kwa nini tutunze pambo la mtu aliyetuhesabu kama mali?

Hoja hiyo ina ukweli, na makumbusho yoyote ya reli yasiyoisema yanadanganya. Lakini tazama nani aliyefanya kazi. Tuta lilichimbwa na mikono ya Waafrika. Waliotandika mataruma, waliofua vyuma karakana ya Tabora, waliokesha na vioo vya maji, waliopokea treni Saranda na Manyoni kwa taa ya mafuta, ni babu zetu. Chombo kikiyeyushwa, ushahidi wa kazi yao unayeyuka pamoja na jina la aliyewaajiri. Na habari ya manamba ataisimulia nani kwa kijana wa leo ikiwa hakuna hata behewa moja la daraja la tatu la kumwonyesha walivyobanana?

Hoja ya tatu inatoka kwa wanaokubali, ila wanataka zaidi: Nyaturu irudishwe nyumbani. Naielewa hamu hiyo, lakini siiungi mkono. Kichwa kinachohitaji boila kupimwa kila mara, njia ya kutembelea, karakana na mafundi hakiwezi kuletwa Singida kikae juani. Kitakuwa kimehamishwa kutoka kwenye uhai kwenda kwenye kaburi la heshima. Kipo Nairobi pamoja na wenzake, na ni halali yetu kwenda kukiona kama wamiliki wenza, maana kiliwekwa na shirika lililokuwa letu pia. Uganda nayo ilipotaka kumbukumbu ya reli haikudai vya Nairobi. Ilifungua makumbusho yake pale Jinja, kwa vilivyobaki kwenye ardhi yake.

Sheria inaishia 1863

Hapa ndipo tatizo la Tanzania linapokaa. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ni ya mwaka 1964, na ilirekebishwa mwaka 1979. Inalinda moja kwa moja vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Kwa vitu vya baada ya hapo, kwa ujumla lazima mamlaka ivitangaze rasmi.

Reli ya kwanza ya nchi hii ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, miaka 30 baada ya mstari huo. Maana yake ni kwamba hakuna taruma, kengele ya stesheni, behewa wala kichwa cha treni kilichowahi kutembea Tanzania ambacho kinalindwa kwa umri wake peke yake. Kila kimoja kinahitaji mtu akikumbuke, akitaje, na ofisi iandike.

Na muda umebana. Treni za umeme zilianza safari za Dar es Salaam hadi Morogoro Juni 2024, zikafika Dodoma kabla ya mwezi Agosti kwisha, na ujenzi wa reli hiyo unaendelea kupita Manyoni kuelekea Tabora. Ni jambo la kufurahia, na mimi ni mmoja wa wanaolifurahia. Lakini kila reli mpya inapoanza kazi, ya zamani hupoteza vitu. Mabehewa yanasimamishwa pembeni, majani yanaota hadi madirishani, kisha siku moja inatoka zabuni ya vyuma chakavu. Aliyeandika zabuni hakufanya kosa lolote. Hakuna aliyempa orodha ya visivyouzwa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nchi hii haijakosa mali. Imekosa daftari.

> Hakuna taruma, kengele ya stesheni wala kichwa cha treni cha Tanzania kinacholindwa kwa umri wake peke yake.

Liemba imetuonyesha

Hatuanzii sifuri. Katika Ziwa Tanganyika tunayo MV Liemba, meli iliyotengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikasafirishwa kwa vipande hadi Dar es Salaam na kupanda reli ileile ya kati kwenda Kigoma. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 ili isiangukie mikononi mwa adui. Waingereza waliiopoa mwaka 1924 na ikarudi kazini mwaka 1927. Injini zake za mvuke ziliondolewa katika miaka ya 1970 na kuwekwa za dizeli.

Liemba iliokolewa na kazi. Watu wa Kigoma, Kasanga na vijiji vya kando ya ziwa waliihitaji, kwa hiyo kila ilipochoka, ilitengenezwa. Hilo ni somo kwa anayefikiria reli: behewa la zamani linaloingiza hata wageni wachache wa kulipa, linalotumika kama darasa au maktaba ya stesheni, lina wa kulipigania. Lililofungiwa nyuma ya uzio halina.

Makumbusho ya Taifa pale Dar es Salaam nayo yametunza magari ya zamani, likiwemo la Rolls-Royce la enzi za ugavana. Gari la gavana limepata paa. Behewa la daraja la tatu bado linasubiri lake, na kwa maoni yangu lilistahili kutangulia.

Kazi inayoweza kuanzia Singida

Mkoa huu una njia yake ya reli, una Manyoni ambako njia mbili zinakutana, na una wastaafu wa reli waliorudi kulima na kufuga baada ya kufanya kazi Tabora, Dodoma na Morogoro. Una vyuo vya ufundi na vijana wanaojua kuchomelea vyuma kando ya barabara, kazi ambayo kila mwenye bajaji anaitegemea. Hivyo vyote ndivyo Sandtoft ilivyoanza navyo, ukiacha uwanja wa ndege.

Kazi ya kwanza haihitaji hata spana. Ni kuwakalisha wazee hao mbele ya simu yenye kinasa sauti na kuwauliza: ulipashaje boila la maji ya chumvi? Kengele ya Manyoni ililia vipi treni ikiwa imetoka Saranda? Tawi la Kinyangiri lilipita wapi hasa, na tuta lake bado linaonekana katika mashamba ya nani? Shule ya sekondari yenye mwalimu wa historia anayependa kazi yake inaweza kulimaliza hilo katika muhula mmoja.

Ya pili ni daftari. Kikundi cha watu kumi, wakiwa na kibali cha Shirika la Reli, wanaweza kutembea stesheni za mkoa na kuandika kila kilichobaki: taa, mizani za mizigo, vishikio vya kubadilishia njia, mabehewa yaliyosimama, mabamba ya majina. Orodha hiyo ipelekwe shirikani na kwa Idara ya Mambo ya Kale ikiwa na ombi moja, kwamba vitu vilivyotajwa visitiwe kwenye zabuni kabla ya kutazamwa.

Ya tatu ni Nairobi. Kutoka Singida kwa basi, kupitia Babati, Arusha na Namanga, ni safari ambayo wafanyabiashara wa vitunguu na kuku wa mkoa huu wanaifahamu vizuri. Halmashauri ya manispaa iandike barua kwa Makumbusho ya Reli kuomba picha za 3020, michoro yake, na ruhusa ya kuchonga nakala ya bamba la jina. Nakala hiyo ibandikwe kwenye ukuta wa stesheni ya Singida, na chini yake yaandikwe kwa Kinyaturu na Kiswahili majina ya watu wa mkoa huu waliofanya kazi relini, kadiri wastaafu watakavyoyakumbuka.